Wasomaji wa Maman Secrétaire

Aliogopa kila kitu, na ninaanza na hilo kwa sababu ndilo nililolijua mapema kuliko mengine. Aliogopa simu iliyolia wakati wa chakula. Aliogopa bahasha zenye muhuri wa komuni, yaani manispaa. Aliogopa mtu akimwamkia kwa jina katika mtaa asikoishi. Kwenye metro alishuka kituo kimoja kabla ya chake, akatembea kilichobaki, mvua au jua. Hadithi zake aliziandika kwa penseli, na kifutio alikivaa shingoni kwa uzi, chini ya blauzi, pamoja na msalaba wake.

Watu wa parokia hawakuyajua haya. Kwao alikuwa Maman Secrétaire, Mama Katibu wa kwaya, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, miwani puani, daftari la mahudhurio kwapani. Padre alimwita hivyo, watoto wa komunyo ya kwanza walimwita hivyo. Yeye ndiye aliyesoma matangazo kila Jumapili baada ya misa, kwa sauti nene, tulivu, na ukumbi mzima ulinyamaza. Ufunguo wa ofisi yenye taipureta ulikuwa kwake. Jina lake kamili nililiona mara moja tu, juu ya bahasha, nami sitaliandika hapa.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne. Nilitoka Tabora kuja Brussels kusomea uhasibu, nikakaa mtaa wa Schaerbeek kwa dada yangu na mume wake. Shemeji ndiye aliyenidhamini; kila mwaka ilibidi atie saini karatasi upya ndipo nipate kibali cha kuishi mwaka mwingine. Dada ndiye aliyenipeleka kwenye kwaya. Wengi mle walikuwa watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, huko Kongo. Watanzania tulikuwa watatu: dada, mimi, na bwana mmoja dereva wa lori aliyeimba besi.

Jumamosi moja tukikunja viti baada ya mazoezi, akanijia.

"Weye, ya Tanzanie. Unajua Kiswahili ya kitabu?"

"Kidogo, Maman."

"Kidogo haisaidie. Unajua ao haujue?"

"Najua."

Akanipa bahasha iliyoviringishwa ndani ya karatasi za matangazo. "Utanisahihishia. Usisome mu tramu. Usisome mbele ya dada yako. Soma mu cabinet."

Nilidhani ni barua ya kwenda kwa askofu. Nikaingia nayo chooni nyumbani, nikakaa juu ya kifuniko, nikasoma.

Ilikuwa hadithi ya mapenzi. Wanawake wawili wa Likasi, wote wamepita hamsini, mmoja mjane na mwingine ameachwa, wanagombea meza ya kuuzia vitambaa sokoni. Wanagombana kurasa thelathini, kwa matusi yaliyonifanya niume mkono nisicheke. Kisha siku moja mvua inawakuta, wanafunika vitambaa vyao kwa turubai moja, wamesimama chini yake wamebanana, na yule mjane anagundua kwamba hataki mvua ikatike.

Hapo niliacha kusoma. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba huu ni mtego. Huyu mama amenisoma. Ameona kitu katika kutembea kwangu, au namna ninavyomwangalia dada mmoja wa sauti ya pili, naye ananijaribu ili apeleke habari kwa dada yangu. Maana mimi pia, shule ya bweni, niliwahi kusimama chini ya paa na mtu nikaomba mvua isikatike, na jambo hilo sikuwa nimemwambia binadamu yeyote. Dada aligonga akauliza kama ninaumwa tumbo. Nikajibu ndiyo.

Wiki nzima sikulala vizuri. Jumamosi nikamrudishia bahasha.

"Kuna makosa ya ngeli," nikasema.

"Mingi?"

"Mengi, Maman."

"Na ingine?"

"Hakuna lingine."

Aliniangalia juu ya miwani. Nami nilimwangalia, nikaona kwamba shavu lake upande wa kushoto linacheza lenyewe, na nikaelewa kwamba naye wiki nzima hakulala. Hatukuzungumza zaidi ya hapo. Miaka yote niliyomfahamu hakuniuliza mimi ni mtu wa namna gani, wala mimi sikumuuliza yeye. Nilimfanyia kazi. Alikuwa anaandika, nami nilikuwa ninanyoosha ngeli.

Aliishi ghorofa ya tatu katika mtaa wa Matonge, karibu na barabara ya Chaussée de Wavre, juu ya duka la nywele na samaki wa kukausha. Harufu zote mbili zilipanda ngazi pamoja. Asubuhi alipiga pasi mashuka katika nyumba ya wazee, mchana aliandika. Alikaa sebuleni na redio ikipiga rumba kwa sauti ya juu, ili jirani asisikie penseli, alisema. Nilimwambia penseli haisikiki. Akanijibu, "Mi naisikia." Akifika mahali pa kuchekesha alicheka peke yake, machozi yakamtoka, kisha akajikumbuka, akainuka kuchungulia dirishani kuona nani yuko barabarani.

Hakupenda wapenzi wazuri. Katika hadithi zake wanawake walikuwa na miguu iliyovimba, meno yaliyong'oka, wajukuu wasumbufu. Alisema vijana wana watu wengi wa kuwaandikia. Na hakuna aliyekufa. Hilo alilisisitiza tangu mwanzo, kabla sijauliza. Alikuwa amesoma hadithi kadhaa za Kifaransa za wanawake kama hao, akizikopa maktaba na kuzificha ndani ya gazeti, na katika kila moja mmoja alijitupa mtoni au aliolewa kwa huzuni.

"Bangu habatakufa," alisema. "Batazeeka. Bataumwa mugongo. Njo vile."

Wengi wangemwita mnafiki kama wangejua, nami nilimwita hivyo moyoni zaidi ya mara moja. Kwenye kwaya hakuwa na huruma. Alipima sketi za wasichana kwa rula. Dada mmoja alikuja na suruali siku ya mazoezi, akamrudisha nyumbani mbele ya watu wote. Na kulikuwa na kaka mmoja wa sauti ya tatu, mtu mzima mwenye kazi yake, ambaye uvumi ulianza kumzunguka kwamba anaishi na mwanaume huko Liège. Président wa kwaya, yaani mwenyekiti, mzee mwenye mwili mkubwa na suti ya kahawia, aliamuru aandikiwe barua ya kumwondoa. Barua iliandikwa na Maman Secrétaire. Niliiona ubaoni. Haikuwa na kosa hata moja, pambizo zimenyooka, saini ya Président chini.

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo bila kuitwa.

"Uliipiga chapa wewe."

"Njo kazi yangu."

"Maman, wewe! Wewe unaandika..."

"Chini sauti!" Akapandisha redio. Akakunja na kukunjua kitambaa cha meza. "Kama siko mukali, batajiuliza juu ya nini siko mukali. Unafikiri sikulia? Nililia. Lakini nilipiga."

"Na siku wakisema uandike yangu?"

Alinipa chai, nikainywa imepoa, nikaenda zangu. Swali hilo nilitembea nalo mwaka mzima.

Alitaka hadithi ya wale wauza vitambaa iwe kitabu, na katika habari ya wachapishaji alikuwa na ujasiri ambao sikuuona kwake kwingine, labda kwa sababu wachapishaji walikuwa mbali. Kwanza tulipeleka mswada Afrika Mashariki, kwa nyumba moja ya vitabu, akitumia jina la kiume la kubuni na anwani ya mahali alipopigia pasi. Jibu lilikuja baada ya miezi saba. Bwana mhariri alisifu ufundi. Alisema yuko tayari kufikiria kitabu kama mjane ataumbuliwa mwishoni, au kama yote yatageuka kuwa ndoto ya homa, na kama Kiswahili kitasafishwa kiwe sanifu.

Ndoto aliikataa palepale. Lugha tuliijaribu. Nilikaa wiki tatu nikiandika upya sura ya kwanza kwa Kiswahili cha shule, nikijivuna. Nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, ameshika mashavu.

"Hawa beko nani?" akauliza.

"Ni wale wale, Maman."

"Hapana. Hawa ni balimu ya école. Banamuke ya soko ya Likasi habatukanane vile. Umebaogesha mpaka bamepoteza harufu."

Tuligombana kweli siku hiyo, nusura nimrudishie mswada wake. Mwishowe tulikubaliana: simulizi yangu, mazungumzo yake. Nilisimulia kwa Kiswahili changu, na wahusika walipofungua midomo waliongea kama walivyoongea sokoni. Nadhani ndipo hadithi ilipokaa sawa, ingawa hakuna mchapishaji aliyeitaka hivyo.

Mwingine alikuwa Mbelgiji, hapa hapa mjini, ofisi yake iko orofani. Mimi ndiye niliyetafsiri kurasa arobaini kwa Kifaransa changu cha kuokoteza. Alituita. Maman Secrétaire alivaa suti ya Pasaka na kitambaa cha kichwa alichokivuta hadi kwenye nyusi. Yule bwana alikuwa mwema, alitupa kahawa na biskuti, akasema hadithi ina joto. Lakini aliona wauza vitambaa wanaocheka hawatauzika. Je, mama hawezi kuandika ushuhuda wake mwenyewe? Alivyoteseka, alivyokimbia? Na picha yake kwenye jalada?

Aliposikia neno picha, aliinuka. Ngazini alishika ukuta kama mgonjwa.

"Sikuandika mateso yangu," aliniambia barabarani. "Niliandika furaha ya bantu bengine. Ile haiuzishake?"

Kulikuwa pia na chama cha wanawake chenye jarida dogo. Hao walimkumbatia, na nadhani walimaanisha. Walitaka kutoa sura mbili. Lakini walihitaji anwani ya mwandishi, kwa utaratibu tu, na hapo akaacha kwenda. Nilimlaumu. Akaniambia nisimlaumu, nimwandikie anwani yangu mimi kama ninaona ni jambo dogo. Nikamfikiria shemeji na karatasi yake. Sikuandika.

Basi akaacha wachapishaji, akatafuta wasomaji.

Tulitoa fotokopi kumi na mbili, tukazibana kwa jalada la kijani lililoandikwa kwa mkono wake mzuri: Mapishi ya Katanga. Kwenye kurasa mbili za mwanzo kulikuwa na mapishi kweli, sombe na bukari, yaani kisamvu na ugali, mtu akifunua ovyo asione kitu. Alizigawa kwa wanawake aliowasoma kwa jicho lake, mmoja saluni, mmoja kazini kwake, mmoja aliyemjua tangu Lubumbashi. Sharti lilikuwa moja: ukimaliza, mpe mtu mmoja tu, usimwambie ulipata wapi. Wiki sita baadaye, nakala mbili zilimrudia kwa njia hizo hizo, na katika moja kulikuwa na kikaratasi. Mtu aliandika kwamba yeye alisoma shule kwa Kifaransa, Kiswahili anakiongea tu, kukisoma kunamchosha, lakini binti wa dukani alimsomea kipande, naye anaomba kujua kama mvua ilikatika.

Maman Secrétaire alikibeba kikaratasi kile ndani ya mfuko wa miwani yake. Ndipo akapata wazo la kaseti.

Tatizo lilikuwa sauti. Yake ilijulikana na kila mtu aliyewahi kusikia matangazo ya misa. Akanitazama. Nilijua atasema nini kabla hajasema.

"Weye, nani anakujua?" aliniuliza.

"Dada ananijua."

"Dada yako hasikilizake kaseti ya banamuke ya Matonge."

Nilikubali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, kwa sababu usiku na mchana niliogopa. Nadhani ni kwa sababu ya yule aliyeuliza kuhusu mvua. Jumamosi mchana, watu wakiwa madukani, tulifunga madirisha, tukatundika blanketi kwenye kabati, nami nikasoma nikiwa nimeingiza kichwa kati ya makoti. Yeye alishika kitufe cha redio kaseti. Nilisoma sehemu tatu, kaseti tatu. Alitoa nakala kwa mashine mbili alizoziunganisha kwa waya, akaandika juu yake, kana kwamba ni sala za siku tisa, "Novena 1", "Novena 2", "Novena 3".

Zilitembea. Hatukujua zimefika wapi, na huo ulikuwa ndio usalama wetu. Lakini siku moja, sokoni Molenbeek, nilimsikia mwanamke nisiyemjua akimtukana mwenzake kwa utani, na tusi lile lilikuwa la mjane wetu, neno kwa neno. Nilisimama na vitunguu mkononi. Furaha ilinishika, na nyuma yake tu hofu ikafuata, nikaondoka bila kununua.

Balaa lilitukuta Jumapili moja, baada ya misa. Président alisema hakuna mtu kutoka, kuna jambo. Wanakwaya wote wakakaa ukumbini, yapata watu arobaini. Maman Secrétaire alikaa mezani karibu naye na daftari la kumbukumbu za vikao, kama kawaida. Mimi nilikuwa safu ya nne na dada yangu. Président akaweka redio kaseti mezani.

"Kuna bintu ya shetani inatembea katikati ya bamaman zetu," akasema. "Mutasikia bote. Na mwenye anatambua sauti, aseme."

Akabonyeza. Nikajisikia nikiongea.

Sijui niseme nini kuhusu dakika zile. Sauti yangu ilijaa ukumbi, nzuri, safi, ikisimulia wanawake wawili chini ya turubai. Niliangalia sakafu. Pembeni yangu dada alinishika kifundo cha mkono, akakibana hadi kucha zikaingia. Hakunigeukia.

Président alizima. "Hii ni sauti ya Mutanzania. Hapa beko wangapi?"

Vichwa vikageuka. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, wote wakatuangalia, dada na mimi. Yule dereva wa besi akakohoa. Nikamtazama Maman Secrétaire. Alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, na jasho lilimtiririka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi shingoni. Niliwaza: sasa ataandika. Atapiga kwa taipureta, bila kosa hata moja.

"Président," akasema, kwa ile sauti ya matangazo. "Pardon. Mbele ya kutafuta sauti, procès-verbal ya kikao inaomba kitu ilitoka wapi. Ni nani alileta kaseti? Niandike jina yake."

Président alimtazama kama hakumwelewa.

"Kaseti ilipatikana wapi, na kwa nani?" akarudia. "Bila ile, siwezi kuandika."

Macho ya Président yalikwenda mara moja, haraka, safu ya kwanza, alipokaa mke wake. Mama yule alikuwa ameinamisha kichwa, anaviangalia viatu vyake, na masikio yake yalikuwa yamewiva. Nilimwona. Wanawake wengi walimwona.

"Haiko lazima," Président akasema.

"Alors niandike kama haijulikane ilitoka wapi, na sauti haijulikane ni ya nani?"

Mtu nyuma alisogeza kiti. Hakuna mwanamke aliyeongea, na baadaye niliwaza ni wangapi kati yao walikuwa na Novena nyumbani.

"Andika vile," Président akasema. Akaivuta waya ukutani.

Kwenye tramu, tulipokaribia nyumbani, dada akasema, akiangalia dirishani, "Mimi nimekulea. Nimekusikia ukisoma somo kanisani Tabora tangu una miaka tisa. Ulifikiri sitakujua?"

"Dada..."

"Usiniambie. Nikijua zaidi itabidi nimwambie mume wangu, na ndiye aliyekusainia. Mwisho wa mwezi tafuta chumba. Nitasema umepata karibu na chuo." Alilia, akajifuta kwa glavu. "Na pale kwenye kwaya usirudi."

Nilipata chumba Molenbeek, karibu na mfereji. Kibali changu kilisainiwa mwaka ule na uliofuata, shemeji hakujua kitu, na kwa hilo namshukuru dada hadi leo, ingawa mezani kwake sikukaribishwa tena kwa muda mrefu. Wiki ya kwanza nilimpigia Maman Secrétaire kutoka kibanda cha simu. Nilitaka tu kusikia mtu. Alipokea, nikasema, "Maman, ni mimi." Akasema kwa Kifaransa, kwa adabu, "Umekosea namba, bwana," akakata.

Nilisimama kibandani na mkonga wa simu mkononi. Nilimchukia kuliko Président. Alikuwa ameniokoa ukumbini, na sasa ananiita bwana. Sikupiga tena, naye hakunitafuta. Nilisikia tu, kwa watu, kwamba ameacha ukatibu kwa sababu ya mgongo.

Ilipita miaka mitatu. Nilikuwa nimemaliza chuo, ninafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha, wakati simu iliponiita mezani.

"Usitaje jina," sauti ile ikasema. "Samedi, quatorze heures. Unaweza?"

Jumamosi saa nane mchana niliweza; sikuuliza alipataje namba. Alinieleza kwa maneno machache. Kulikuwa na mama mmoja wa Bujumbura, Mwislamu, anayeishi Schaerbeek na kutunza wagonjwa majumbani. Alikuwa na kaseti tatu. Hadithi iliishia hapo, kwa sababu baada ya ile Jumapili hatukurekodi tena. Mama huyo alikaa mwaka mzima akiifuata nyuma, mkono kwa mkono, akimuuliza kila aliyempa aliipata kwa nani, akitafuta sehemu ya nne. Njiani alikuwa amekusanya wanawake. Sasa walikuwa na chumba cha kukutania katika nyumba moja ya wanawake, na ujumbe ulitembea hadi ukamfikia Maman Secrétaire mwenyewe: aliye na sehemu ya nne aje nayo.

"Habajue ni nani aliandika," akasema. "Banatafuta kaseti tu."

Nilimkuta ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba hiyo, kituo cha basi, nusu saa kabla ya wakati. Alikuwa amekonda. Alishika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Hatukukumbatiana. Tulisimama tukiangalia mlango wa upande wa pili, na wanawake wakiingia, mmoja, kisha wawili pamoja, kisha mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Siku ya simu," akasema, "nilijua ni weye."

"Nilijua ulijua."

"Président alikuwa ameketi kwangu. Mu salon. Alikuja kunyanganya mafunguo ya bureau." Akaubana mkoba zaidi. "Kisha nilisikia aibu. Aibu inapita woga. Sikupiga."

Nilitaka kumwambia kwamba yamepita, lakini hayakuwa yamepita, kwa hiyo nikamuuliza jambo lingine. "Ukumbini, ulijuaje kwamba kaseti ni ya mke wake?"

Aligeuka akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mi? Sikujua. Niliogopa, nikauliza kile nauliza siku zote."

Mabasi matatu yalipita. Kila moja lilipofunga njia niliona mguu wake ukisogea, na lilipoondoka mguu ukarudi. Saa nane ikapita. "Tuende nyumbani," akasema. Sikumvuta wala sikumbembeleza, kwani hata mimi niliogopa. Nilisema tu kwamba yule mwenye mtoto mgongoni amekuja na treni, nimeona tiketi mkononi mwake. Akafikiri juu ya hilo. Kisha akashuka ukingo wa barabara bila kutazama upande wowote, yeye aliyetazama pande zote maisha yake yote, na gari likampigia honi.

Ndani walikuwa wanawake wanane, viti vimepangwa duara, termosi ya chai mezani. Nilisalimia. Nilipomaliza tu kusema "Hamjambo", mmoja akajiziba mdomo.

"Ni sauti! Ni yeye!"

Wakanizunguka. Wengine wakanishika mikono. Mama wa Bujumbura, mfupi, mtandio wa bluu, alisema alinisikiliza jikoni mwaka mzima akiosha vyombo, mume wake akifikiri ni mawaidha. Wakanikalisha kwenye kiti cha mbele. Walinichukua mimi kuwa ndiye mwandishi, na yeye wengi walimwona kama shangazi aliyenisindikiza. Mtu alimpa kiti karibu na kabati. Nilimtafuta kwa macho. Angeweza kukaa pale, na mimi ningeweza kusoma kama nilivyosoma siku zote, na angerudi nyumbani salama.

"Basi," mama wa Bujumbura akasema, "sehemu ya nne tumeingoja. Nani anayo?"

Maman Secrétaire akafungua mkoba, akatoa daftari.

"Oh, ni wewe mama! Uliipata kwa nani?"

Midomo yake ilicheza bila sauti. Akajaribu tena.

"Sikuipata kwa muntu. Njo mi niliiandika."

Hakuna aliyepiga makofi. Walimwangalia tu, mama huyu wa kanisani mwenye soksi za kukaza na miwani ya kusomea, na mmoja kati yao, niliyekuja kujua baadaye kuwa aliwahi kuimba katika kwaya yetu kabla sijafika, akaanza kulia kimya kimya. Mama wa Bujumbura akaweka kikombe chini.

"Soma, mama," akasema. "Soma wewe mwenyewe."

Akasoma. Hakusoma kwa ile simulizi niliyoinyoosha mimi. Alisoma yote kwa Kiswahili chake, kama ilivyotoka kwenye penseli. Ile sauti nene ya matangazo haikuwepo. Ilikuwa sauti ndogo mno, hata ikabidi tuvute viti, na daftari lilitikisika mikononi mwake tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, lakini hakuliweka chini.